Kura ya Zamani, Chama Kipya: Kuibuka kwa Nemuno aušra katika Siasa za Lithuania, 2023–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kuibuka kwa Nemuno aušra, yaani Mapambazuko ya Nemunas, chama cha utaifa na upopulisti kilichoanzishwa Lithuania mwishoni mwa mwaka 2023 na kuingia serikalini katika kipindi kisichozidi miezi kumi na minne. Makala yanadai kuwa kuibuka huko kuna sehemu mbili ambazo wachambuzi wengi huzichanganya. Sehemu ya kwanza ni kura, nayo si mpya: imekuwapo katika siasa za nchi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini na imekuwa ikihama kutoka chama kimoja hadi kingine. Sehemu ya pili ni madaraka, nayo ilitokana na uamuzi wa chama kikongwe kilichokuwa na njia nyingine. Kwa kuzitenganisha sehemu hizi, makala yanaonesha mahali ambapo wajibu wa kihistoria unapaswa kuwekwa.

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Aprili 2024, Mahakama ya Katiba ya Lithuania iliamua kuwa mbunge Remigijus Žemaitaitis alikuwa amevunja kiapo chake na kukiuka Katiba kwa kiwango kikubwa, kutokana na maandishi yake ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mwezi uliofuata, mtu huyohuyo aligombea urais na kupata zaidi ya asilimia 9 ya kura. Mwezi Oktoba chama chake kilishika nafasi ya tatu katika uchaguzi wa bunge, na Desemba kikawa mshirika katika serikali ya mseto. Mfuatano huu wa matukio ndio unaozaa swali la makala haya: iliwezekanaje mtu aliyetiwa hatiani na chombo cha juu kabisa cha kulinda Katiba akawa, ndani ya mwaka mmoja, nguzo ya wingi wa bunge?

Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza hulitazama tukio hili kama wimbi la Ulaya nzima lililofika kwenye pwani ya Baltiki. La pili hulihusisha na hila za Urusi dhidi ya jirani yake mdogo. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yana kasoro moja: yanaitafuta sababu nje ya Lithuania kabla ya kuichunguza historia ya Lithuania yenyewe. Makala haya yanaanzia ndani.

2.0 Kuhusu Istilahi

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kufafanua istilahi mbili. Neno upopulisti linatumika hapa kumaanisha siasa inayoigawa jamii katika kambi mbili, yaani umma mwema uliodhulumiwa na kundi dogo la wakubwa wafisadi, kisha kiongozi akajitangaza kuwa ndiye sauti pekee ya umma huo. Siasa ya namna hii inaweza kuegemea kulia au kushoto.

Istilahi ya pili ni utaifa. Katika vyombo vya habari vya Kiswahili, vyama vya aina hii huitwa mara nyingi vyama vya kizalendo. Matumizi hayo yana tatizo. Katika Kiswahili, uzalendo ni sifa: mzalendo ni mtu anayeipenda nchi yake na kuwa tayari kujitolea kwa ajili yake. Kukiita chama kinachowatenga baadhi ya raia kuwa ni cha kizalendo ni kukipa sifa ambayo bado inabishaniwa. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia utaifa kwa maana ya itikadi inayolifanya taifa la wenye asili moja kuwa kipimo cha nani ni mwenyeji halisi na nani ni mgeni.

3.0 Mkondo wa Kura ya Hasira, 2000–2020

Lithuania ilirejesha uhuru wake tarehe 11 Machi 1990, baada ya vuguvugu la Sąjūdis lililoanza mwaka 1988. Katika muongo wa kwanza, siasa zake zilikuwa na sura iliyoeleweka: upande mmoja walikuwapo wahafidhina waliotokana na Sąjūdis chini ya Vytautas Landsbergis, na upande wa pili wakomunisti wa zamani waliojigeuza kuwa wanademokrasia wa kijamii chini ya Algirdas Brazauskas. Kambi hizo mbili zilipokezana madaraka. Nje yake, hata hivyo, lilikuwa likikua kundi la wapiga kura ambao hawakujiona katika kambi yoyote: wakazi wa miji midogo na vijiji, wafanyakazi wa mashamba ya pamoja yaliyovunjwa, na wastaafu ambao akiba zao zilimezwa na mfumuko wa bei.

Kundi hilo lilipata sauti yake ya kwanza kubwa kwa Rolandas Paksas. Tarehe 5 Januari 2003, katika duru ya pili ya uchaguzi wa urais, Paksas alimshinda rais aliyekuwa madarakani, Valdas Adamkus, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ushindi huo haukudumu. Ilibainika kuwa alimpa uraia mfanyabiashara Jurij Borisov, aliyeifadhili kampeni yake, na baada ya Mahakama ya Katiba kuthibitisha ukiukaji wa Katiba, Seimas, yaani Bunge la Lithuania, lilimwondoa madarakani tarehe 6 Aprili 2004. Alikuwa rais wa kwanza barani Ulaya kuondolewa kwa utaratibu huo.

Jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha katika maelezo ya tukio hilo ni kilichofuata. Rais aliondoka, lakini kura zake zilibaki. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa Juni 2004, Kazimira Prunskienė, aliyeungwa mkono na Paksas, alipata zaidi ya asilimia 47. Oktoba mwaka huohuo, chama cha Darbo partija, kilichoanzishwa mwaka 2003 na mfanyabiashara Viktor Uspaskich, kiliongoza uchaguzi wa bunge kwa kupata viti 39. Mwaka 2008, chama kilichoundwa na mtangazaji wa televisheni Arūnas Valinskas kilipata viti 16, na mwanzilishi wake akawa Spika. Ndani ya miaka michache chama hicho kilikuwa kimesambaratika. Mwaka 2012, chama cha Drąsos kelias, kilichotokana na hasira ya umma kuhusu kesi moja ya udhalilishaji wa mtoto mjini Kaunas, kilipata viti 7. Mwaka 2016, muungano wa wakulima na wanamazingira, ambao katika bunge lililotangulia ulikuwa na kiti kimoja tu, uliongoza uchaguzi.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Orodha hii inaonesha mkondo uleule ukipita kila baada ya miaka minne na kubadilisha jina tu. Chini yake zipo sababu za kijamii zinazoweza kuhesabiwa. Mwaka 1990 Lithuania ilikuwa na watu takriban milioni 3.7, sensa ya mwaka 2021 ilihesabu takriban milioni 2.8. Kupungua huko kulichochewa zaidi na uhamaji baada ya nchi kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na tena baada ya mtikisiko wa mwaka 2009, ambapo pato la taifa lilishuka kwa takriban asilimia 15 na serikali ikapunguza mishahara na pensheni. Vilnius ilipona na kustawi. Wilaya za pembezoni zilibaki na shule zinazofungwa kwa kukosa watoto na wazee ambao watoto wao wako Uingereza, Ireland au Norway. Mpiga kura wa huko haishi katika nchi ileile inayoelezwa na takwimu za ukuaji wa uchumi.

4.0 Kutoka Mahakamani hadi kwenye Sanduku la Kura

Remigijus Žemaitaitis hakuwa mgeni katika mkondo huo. Alizaliwa mwaka 1982 na kulelewa kisiasa ndani ya Tvarka ir teisingumas, chama cha Paksas, ambacho baadaye alikiongoza yeye mwenyewe. Chama hicho kilipofifia, mwaka 2020 kiliungana na makundi mengine madogo na kuzaa chama cha Laisvė ir teisingumas. Kwa hiyo, mwanzilishi wa chama kipya alikuwa mwanasiasa mzoefu, na ngome yake ilikuwa magharibi mwa nchi, katika eneo la Žemaitija na wilaya zilizo karibu na mdomo wa mto Nemunas.

Mwezi Mei 2023, baada ya Israeli kubomoa shule ya Wapalestina iliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, Žemaitaitis aliandika kwenye ukurasa wake wa Facebook maneno yaliyovuka kuilaumu serikali ya Israeli na kuwalenga Wayahudi kama watu, yakiwamo mashairi ya kienyeji yanayohimiza kumuua Myahudi. Katika maandishi yaliyofuata aliwahusisha Wayahudi na maafa ya Pirčiupiai, kijiji ambacho wakazi wake 119 waliuawa na majeshi ya Ujerumani mwezi Juni 1944, wengi wao wakichomwa moto wakiwa hai. Chama chake kilijitenga naye. Seimas ilianzisha utaratibu wa kumwondoa, na Mahakama ya Katiba ikatoa uamuzi uliotajwa katika utangulizi.

Hapa ndipo lilipo tofauti kubwa kati ya mwaka 2004 na mwaka 2024. Kwa mujibu wa Katiba, mahakama hutamka kama ukiukaji umetokea, lakini kuondolewa hufanywa na Seimas kwa kura za wabunge wasiopungua tatu ya tano ya wote. Anayeondolewa kwa njia hiyo hupoteza haki ya kushika wadhifa unaohitaji kiapo. Katazo hilo lilikuwa la maisha hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua, mwaka 2011, kwamba lilipita kiasi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2022 yaliliwekea ukomo wa miaka kumi. Žemaitaitis alijiuzulu ubunge kabla ya kura kupigwa. Hivyo, alitoka mahakamani akiwa na hatia isiyo na adhabu. Alibaki na haki ya kugombea, na juu ya hayo alipata simulizi ambayo mwanasiasa wa upopulisti huihitaji kuliko fedha: simulizi ya mtu anayeandamwa na mfumo.

Wakati huo Nemuno aušra, kilichoundwa Novemba 2023, tayari kilikuwa tayari kumpokea. Mazingira nayo yalikuwa mazuri kwake. Serikali ya wahafidhina na waliberali iliyoongozwa na Ingrida Šimonytė tangu mwaka 2020 ilikuwa imepita katika janga la korona, maandamano ya mwaka 2021 kuhusu familia na vibali vya chanjo, ujio wa wahamiaji kupitia mpaka wa Belarus, na mfumuko mkubwa wa bei ulioletwa na vita vya Ukraine. Katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa urais, tarehe 12 Mei 2024, Žemaitaitis alikuwa wa nne. Katika uchaguzi wa bunge wa tarehe 13 na 27 Oktoba, chama chake kilipata takriban asilimia 15 ya kura za orodha na jumla ya viti 20 kati ya 141.

Asilimia 15 ni nyingi kwa chama chenye umri usiofikia mwaka mmoja. Hata hivyo, zikilinganishwa na viti 39 vya Darbo partija mwaka 2004, au viti 16 vya Valinskas mwaka 2008, hazivuki mipaka ya kawaida ya kura ya hasira nchini humo. Kwa mizani ya kura peke yake, mwaka 2024 haukuwa mapinduzi.

5.0 Jina na Kumbukumbu

Ikiwa kura si mpya, ni nini kilichokuwa kipya? Jibu la kwanza liko katika lugha ya chama, kuanzia kwenye jina lake. Kila mtoto wa shule nchini Lithuania anajua kuwa Aušra, yaani Mapambazuko, lilikuwa jina la gazeti lililoanzishwa mwaka 1883 na Jonas Basanavičius na wenzake. Katika kipindi cha 1864 hadi 1904, utawala wa Urusi ulipiga marufuku uchapishaji wa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Gazeti hilo lilichapishwa ng'ambo ya mpaka, huko Prussia Mashariki, katika miji ya Ragnit na Tilsit iliyo ukingoni mwa mto huohuo wa Nemunas, kisha likaingizwa nchini kwa siri na wachukuzi wa vitabu waliohatarisha maisha yao. Jina la chama linaamsha kumbukumbu hiyo, na linamwalika mpiga kura ajione kama mrithi wa waliopigania taifa lisizimwe.

Kumbukumbu ya taifa, hata hivyo, ina vyumba vingi. Kabla ya vita vya pili vya dunia, Vilnius iliitwa Yerusalemu ya Lithuania kwa wingi wa wanazuoni wake wa Kiyahudi. Kati ya mwaka 1941 na 1944, zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa nchi hiyo waliuawa, wengi wao katika miezi sita ya kwanza ya uvamizi wa Ujerumani, katika misitu kama Paneriai na ngome kama ile ya Tisa mjini Kaunas. Wauaji walisaidiwa na baadhi ya Walithuania. Mwaka 1995, Rais Brazauskas alisimama mbele ya bunge la Israeli na kuomba msamaha. Lakini ndani ya familia nyingi za Kilithuania, kumbukumbu iliyo hai zaidi ni ile ya kupelekwa Siberia na utawala wa Kisovieti, mwaka 1941 na miaka iliyofuata vita. Kumbukumbu hizi mbili zimekuwa zikikaa pamoja kwa shida, kama wapangaji wasiosalimiana.

Maandishi ya mwaka 2023 yaligusa mahali hapo penye kidonda. Paksas na Uspaskich walituhumiwa kwa upendeleo na fedha. Makosa yao, hata yangekuwa mazito, hayakugusa swali la nani ana haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waliodhulumiwa. Kuwabebesha Wayahudi damu ya Pirčiupiai kulikuwa ni kugeuza waliouawa kuwa wauaji. Hilo ndilo lililokuwa jipya, na ndilo linaloifanya sehemu inayofuata kuwa nzito zaidi.

6.0 Mlango wa Serikali

Mshindi wa uchaguzi wa 2024 alikuwa chama cha wanademokrasia wa kijamii, kilichopata viti 52. Kabla ya uchaguzi, mwenyekiti wake, Vilija Blinkevičiūtė, alikuwa ameahidi kwamba chama chake hakitashirikiana na Žemaitaitis. Mazungumzo ya kwanza yalielekezwa kwa chama cha Saulius Skvernelis, chenye viti 14, na kwa wakulima na wanamazingira, wenye viti 8. Jumla ingekuwa 74, wakati wingi wa kawaida wa Seimas ni 71. Mwanzoni mwa Novemba, wanademokrasia wa kijamii walibadili mwelekeo na kuichagua Nemuno aušra, wakapata wingi wa viti 86. Maelfu ya wananchi walikusanyika mbele ya Seimas kupinga. Rais Gitanas Nausėda alikosoa uamuzi huo na kusema hatawaidhinisha wanachama wa Nemuno aušra kuwa mawaziri; chama kikapendekeza watu wasio wanachama, na serikali ya Gintautas Paluckas ikaanza kazi Desemba 2024.

Hoja ya waliofanya uamuzi huo inastahili kupimwa kwa haki. Wingi wa kura tatu ni mwembamba, na serikali inayotegemea wabunge watatu inaweza kuyumba kwa ugonjwa wa mmoja na hasira ya wawili. Isitoshe, historia iliwapa wanademokrasia wa kijamii mfano wa kujifunzia. Mwaka 2012, Algirdas Butkevičius aliunda serikali pamoja na Darbo partija na Tvarka ir teisingumas, ingawa Rais Dalia Grybauskaitė alikuwa amepinga Darbo partija kushirikishwa. Serikali hiyo ilimaliza miaka minne, na vyama hivyo viwili vilitoka humo vikiwa vimedhoofika. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba njia bora ya kuizima hasira ni kuikabidhi wizara.

Mfano huo, hata hivyo, haulingani na hali ya mwaka 2024. Mwaka 2012 kilichokuwa kikijadiliwa ni uadilifu wa hesabu za vyama. Mwaka 2024 Mahakama ya Katiba ilikuwa imeshatamka, miezi saba tu kabla, kwamba kiongozi wa mshirika mtarajiwa alivunja kiapo kwa kuchochea chuki dhidi ya kundi la raia. Kumfanya mshirika kulikuwa na maana kwamba uamuzi huo hauna uzito mbele ya hesabu za viti. Aidha, mshirika hakutulia. Baada ya Paluckas kujiuzulu katikati ya mwaka 2025 kutokana na maswali kuhusu biashara zake, serikali mpya ya Inga Ruginienė iliipa Nemuno aušra wizara ya utamaduni. Wasanii na watumishi wa makumbusho waliandamana, na waziri aliyeteuliwa aliondoka mapema Oktoba baada ya siku chache tu. Desemba 2025, mahakama ya mkoa ya Vilnius ilimtia Žemaitaitis hatiani kwa kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi na kudunisha uhalifu wa Wanazi, ikampiga faini ya euro 5,000.

Kuhusu hoja ya mkono wa Urusi, mwenendo wa serikali yenyewe unaipunguza nguvu: uungaji mkono kwa Ukraine na ongezeko la bajeti ya ulinzi viliendelea. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na waliokuwa na ufunguo ni watu ambao hakuna anayewashuku kuwa maadui wa jamhuri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kutenganisha kura na madaraka. Kura ya Nemuno aušra ni mtoto wa mwisho katika ukoo unaoanzia kwa Paksas, na wazazi wake ni kuhama kwa vijana, kudorora kwa wilaya za pembezoni, na hisia ya watu kwamba Vilnius haiwaoni. Kura hiyo haifutwi na mahakama. Mwaka 2004 ilimpoteza kiongozi na kumpata mwingine kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2024 iligeuza hukumu kuwa sifa. Mahakama inaweza kutamka haki ni ipi, lakini haiwezi kufungua tena shule iliyofungwa.

Madaraka ya chama hicho yana asili nyingine. Asilimia 15 ya wapiga kura haikukipa wizara. Ilikipa viti 20 vya upinzani. Wizara zilitoka kwa chama kikongwe ambacho kilikuwa na njia ya viti 74, nyembamba lakini halali, na ahadi iliyotolewa hadharani. Mwanahistoria anayeandika kwamba umma wa Lithuania ulimpeleka Žemaitaitis serikalini anaubebesha umma mzigo usio wake. Mzigo huo ni wa mezani, pale hesabu zilipofanywa mwanzoni mwa Novemba 2024, na watu wote waliokaa kwenye meza hiyo wanajua historia ya Paneriai.